Simu ya zamani inayolinda saa za wafanyakazi

Miezi na miezi, kwenye karatasi ya mshahara ya wenzetu wa ekipe ya asubui, mstari ulikuwa uleule: kuchelewa. Hapa saa moja imekatwa, pale saa mbili. Na mtu hakuchelewa. Alikuwa pa areti tangu 4h50, mikono mfukoni juu ya baridi ya Juni, akingojea bus ya kampuni. Bus ilipaswa kupita 5h15. Ilipita wakati ilipotaka. Pa mlango wa kazi, mashine ya beji haiulizi bus ilifika saa ngapi, inaandika tu saa ya mtu.

Sisi madelege wa sendika tulipeleka neno hili kwa bakubwa mara tatu. Kila mara tuliulizwa: «Ushahidi wenu uko wapi?» Tulijaribu kumpa mwenzetu mmoja kazi ya kupiga picha kila asubui. Haikuenda. Mtu naye anapanda bus ileile, kesho yuko ekipe ya usiku, na zaidi ya yote anaogopa kuonekana na simu mkononi. Tulihitaji jicho ambalo halina mshahara wa kukatwa.

Jicho lenyewe ni simu ya Android ya zamani, kioo kimepasuka, lakini kamera inaona vizuri. Mtoto wa mwenzetu mmoja wa fonderi, anayesoma informatiki, ndiye alitufundisha. Ndani ya simu unaweka programu mbili za bure: Termux, na ndugu yake Termux:API ambayo inafungua mlango wa kamera. Zote mbili zitoke mahali pamoja, kwa mfano F-Droid. Ukichukua moja huku na nyingine kule, hazitasikilizana. Kisha unaandika «pkg install python termux-api», na unairuhusu kutumia kamera. Megabaiti zinaenda siku hiyo moja tu. Kupiga picha hakuombi intaneti.

Python ni luga ya kuandikia ordinateri amri. Ilitoka mwaka 1991, na mtu aliyemaliza segonderi anaweza kuifuata. Skripti yetu yote ni hii:

import subprocess, time
while time.strftime("%H%M") < "0700":
    jina = time.strftime("%Y%m%d-%H%M%S") + ".jpg"
    subprocess.run(["termux-camera-photo", "-c", "0", jina])
    time.sleep(120)

Maana yake: mpaka saa iwe 7h00, chukua tarehe na saa, fanya ziwe jina la picha, piga kwa kamera ya nyuma (ile 0, ya mbele mara nyingi ni 1), lala sekunde 120, rudia. Zile nafasi nne mwanzoni mwa mistari si urembo, Python bila hizo inakataa kazi. Tuliianzisha 4h30, na kila asubui ilitupa picha karibu 70.

Taabu zilikuwepo. Android inapenda kulaza programu ili kulinda batri. Amri «termux-wake-lock» inaizuia. Tena tangu Android 9, programu iliyofichwa nyuma hairuhusiwi kutumia kamera, ndiyo maana Termux tuliiacha wazi kwenye kioo, mwanga umepunguzwa. Kuran nayo ikikatika usiku, simu inaamka bila nguvu, basi tulifunga batri ya nje. Na saa 5h00 ni giza. Picha za kwanza zilionyesha nukta mbili za taa tu. Mama wa kantini aliyetupa nafasi pa dirisha lake alikubali kuacha balbu yake ikiwaka, na hapo namba ya bus ikasomeka.

Simu tuliielekeza barabarani, chini ya vichwa vya watu. Hili tulibishana sana. Wengine walitaka sura zionekane, ili kila mmoja adai saa zake. Tulikataa: picha inayomlinda mfanyakazi leo, kesho inaweza kumtafuta siku ya mgomo.

Kisha neno kubwa: picha inageuzwa, kila mtu anajua. Kila siku 7h00 tulitumia amri «sha256sum», ambayo inasoma picha na kuipa alama ya herufi na namba 64, sawa kidole cha mtu. Ukigusa picha hata kidogo, alama yote inabadilika. Orodha ya alama tuliituma palepale kwa madelege watatu na kwa mtu wa sendika nyingine, ambaye si rafiki yetu sana. Huyo ndiye tulimhitaji zaidi. Lakini alama haisemi kama saa ya simu ni ya kweli, na mtu wa personeli aliyetuuliza hivyo mkutanoni aliuliza vizuri. Tukamwomba alete daftari la mlango, pale walinzi wanaandika kila bus inapoingia. Asubui 19, bus 19. Dakika za barabara zilikuwa karibu sawa kila siku. Asubui 11, bus ilipita pa areti baada ya 5h50.

Sheria ya kazi ya 2002 inaweka kazi kwa saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Mfanyakazi hatungi saa ya bus, na tuliandika hivyo kwenye barua, nakala moja kwa enspekta wa kazi.

Saa zilizokatwa kwa areti ile zimerudishwa kwa miezi miwili. Miezi ya nyuma, bakubwa wanasema «tutaona». Tangu juma lililopita simu imehamia areti ya pili, kwa fundi wa baiskeli, ambaye ametuomba kitu kimoja tu: tumfundishe na yeye ile skripti, juu kuna mtu anaiba spoki zake usiku.