Mmea wa Chai, Kikombe cha Chai na Afya ya Mnywaji: Sayansi Inawaambia Nini Dzaleka na Lilongwe?

Ikisiri

Makala haya yanaeleza yaliyothibitishwa na utafiti kuhusu mmea wa chai na kuhusu athari za kinywaji chake kwa afya. Kisha yanauliza ni sehemu gani ya elimu hiyo inayomfaa mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, pamoja na jirani yake wa Lilongwe. Inajengwa hoja kwamba mambo mawili yasiyogharimu fedha, yaani wakati wa kunywa chai na joto la chai inaponywewa, yana uzito kwa watu hawa kuliko sifa nyingi za kitabibu zinazovumishwa kuhusu kinywaji hiki.

Utangulizi

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika eneo lililokuwa gereza, umbali usiofika kilomita 50 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa kuwahifadhi watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inahifadhi zaidi ya 50,000. Wengi wao wametoka mashariki ya Kongo, na wengine Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, na pamoja na Kiswahili, chai.

Mwanaisimu atapata la kutafakari hapo. Karibu maneno yote ya dunia yanayotaja kinywaji hiki yana asili ya Kichina, nayo yamesafiri kwa njia mbili. Umbo la “cha” lilipita nchi kavu hadi Uajemi na Uarabuni, na ndilo lililotupatia “chai” ya Kiswahili, “icyayi” ya Kinyarwanda na “icayi” ya Kirundi. Umbo la “te” lilitoka bandari za Fujian kwa merikebu za Waholanzi, likaingia Ulaya, na kwa kupitia Kiingereza likawa “tiyi” ya Kichewa. Mkimbizi wa Dzaleka anayenunua majani kwa mfanyabiashara wa Dowa huyatumia maneno yote mawili katika biashara moja.

Kuna sababu nyingine ya kulichagua eneo hili. Baadhi ya sehemu walikotoka wakimbizi hawa ni nyanda za chai: Walungu na Kabare katika Kivu Kusini, Teza na Rwegura nchini Burundi, Mulindi nchini Rwanda. Miongoni mwa wenyeji wa nyanda hizo wapo waliolifahamu jani shambani kabla ya kulifahamu kwenye pakiti. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa chai ni nini. Wanachostahili ni kupewa matokeo ya utafiti ambao aghalabu hubaki katika majarida wasiyoweza kuyafikia.

Mmea na watafiti wake

Mmea wa chai, Camellia sinensis, una aina kuu mbili: ile ya China yenye majani madogo inayovumilia baridi, na ile ya Assam yenye majani mapana inayopenda joto na mvua. Aina hizi huchavushana kwa urahisi, na ndiyo maana mashamba ya Afrika yamejaa machotara. Uchunguzi wa vinasaba vya chai ya nchi mbalimbali za Afrika uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya hazina yetu inaelemea upande wa Assam. Jinomu kamili ya aina ya Assam ilichapishwa mwaka 2017, na ya China mwaka 2018. Ni jinomu kubwa, yenye takriban herufi bilioni tatu.

Malawi ni miongoni mwa nchi za kwanza barani kulima chai kibiashara. Miche michache iliyosalia katika misheni ya Blantyre ilitoa mbegu ambazo Henry Brown, mkulima aliyetoka Ceylon, alizipanda Mulanje mwaka 1891. Mwaka 1966 ilianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika ya Kati, yenye kituo chake Mimosa, Mulanje. Humo zilichaguliwa aina zinazozalishwa kwa vipandikizi, kama vile SFS 150 na PC 108, kwa vigezo vya mavuno, ubora na ustahimilivu wa ukame. Kenya nayo, kupitia kituo cha Kericho, ilitoa mwaka 2011 chai ya zambarau iitwayo TRFK 306, yenye wingi wa anthosiyanini.

Kazi iliyofanywa kuhusu chai ya eneo hili si haba. Mwaka 1972 Hilton na Ellis walionyesha kuwa bei ya chai ya Afrika ya Kati ingeweza kukadiriwa kwa kupima theaflavini iliyomo. Mwaka 2000 Wright, Mphangwe, Nyirenda na Apostolides wakaenda hatua moja nyuma: walipima katekini na kafeini katika jani bichi ili kutabiri ubora wa chai kavu kabla ya jani kufika kiwandani. Ni elimu nzuri. Hata hivyo, msomaji ataona mara moja kwamba aliyehudumiwa nayo ni mkulima, kiwanda na mnunuzi wa mnada wa Limbe. Mnywaji hakuwa mteja wa utafiti huo, na hakuna ubaya katika hilo mradi tusidhani kwamba ubora wa mnadani ni sawa na ubora wa kiafya.

Kilichomo katika jani

Machipukizi ya chai, yaani kikonyo chenye majani mawili na jicho, yana polifenoli nyingi za jamii ya katekini. Jani linaposagwa kiwandani, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nazo ndani ya seli hukutana nazo penye hewa, na katekini hugeuka kuwa theaflavini, zinazoleta mng'aro, na thearubigini, zinazoleta wekundu na uzito. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili kimeng'enya kife. Ndiyo maana hubaki na katekini zake. Chai ya Malawi karibu yote ni nyeusi, nayo husifika sokoni kwa rangi yake nyekundu.

Kutokana na tofauti hiyo baadhi ya wauzaji huitangaza chai ya kijani kuwa dawa na kuidharau nyeusi. Ushahidi hauungi mkono dharau hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu karibu 500,000 nchini Uingereza ambao wengi wao hunywa chai nyeusi, ulikuta kuwa wanaokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 9 hadi 13 wakilinganishwa na wasiokunywa. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini ni ya uchunguzi, si ya jaribio, na waliochunguzwa ni watu wazima wa nchi tajiri wenye nyama, matunda na mkate ulioongezwa virutubishi. Kuyahamisha matokeo hayo hadi Dzaleka bila kuuliza mezani pana nini ni kosa la kimantiki. Swali la mezani ndilo linalotupeleka kwenye madini ya chuma.

Chai na madini ya chuma

Chuma kilichomo katika chakula ni cha namna mbili. Kile cha nyama na samaki kimefungwa ndani ya hemu, na utumbo hukipokea kikiwa hivyo hivyo. Kile cha nafaka, kunde na mboga za majani hakina kinga hiyo: kikikutana na polifenoli za chai ndani ya utumbo, hushikamana nazo kikawa kitu kisichoyeyuka, kikatoka mwilini kama kilivyoingia. Watafiti wa Afrika Kusini waliieleza athari hii tangu mwaka 1975. Mwaka 1999 Hurrell na wenzake waliwapa watu mkate pamoja na vinywaji mbalimbali. Kikombe cha chai nyeusi kilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Kuongeza maziwa hakukubadilisha chochote cha maana. Jambo hili lafaa lisisitizwe, kwa sababu imani kwamba maziwa “huivunja nguvu” chai imeenea, na mama anayemtilia mtoto maziwa kidogo katika chai hudhani amemkinga.

Kwa mtu mwenye chakula cha kutosha hasara hiyo ni ndogo, maana mwili wenye akiba hujirekebisha, na vipimo vya mlo mmoja hukuza athari kuliko ilivyo katika maisha ya kila siku. Mapitio ya tafiti yamefikia mkataa kwamba chai hudhuru akiba ya chuma hasa kwa watu ambao akiba yao iko ukingoni tangu awali. Nani basi yuko ukingoni? Wanawake walio katika umri wa kuzaa, wajawazito, watoto wadogo, na yeyote anayeishi kwa ugali na maharage huku dagaa, ambao Malawi huitwa usipa, wakionekana kwa nadra. Mahindi na maharage yana faiteti, ambazo nazo huzuia chuma. Chai inapoteremshwa juu ya mlo huo, vizuizi viwili hukutana mahali pamoja.

Hapa siasa ya makazi inaingia katika lishe. Mwaka 2023 serikali ya Malawi ilitekeleza agizo la kuwarejesha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine. Mtu aliyefungiwa mlango wa kipato hula kilicho rahisi: unga, kunde, na chai yenye sukari nyingi ambayo siku nyingine huwa ndiyo chakula chenyewe. Kwa hiyo ushauri kuhusu chai hautoshi kumwambia mtu ale nyama. Lazima uwe ushauri anaoweza kuutekeleza jioni ya leo.

Upo ushauri wa namna hiyo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanawake nchini Uingereza waliopewa uji wenye chuma. Walipokunywa chai pamoja na uji, ufyonzwaji ulishuka. Walipongoja saa moja baada ya kula, athari hiyo ilipungua kwa takriban nusu. Ni saa moja tu, na chai ni ile ile.

Tuutazame uji huo kwa jicho la Malawi. Likuni phala, uji wa mahindi na soya unaochukua jina la Likuni pembezoni mwa Lilongwe, pamoja na unga mwingine ulioongezwa virutubishi unaotolewa kwa wajawazito na watoto wenye utapiamlo, hutegemea chuma kisicho cha hemu. Chuma hicho kimenunuliwa kwa fedha za wafadhili, kimesafirishwa, kimepimwa na kugawiwa. Kikombe cha chai kando ya bakuli huweza kubatilisha sehemu kubwa ya gharama hiyo bila yeyote kuona. Ndivyo ilivyo pia kwa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza wajawazito wavimeze kila siku vikiwa na miligramu 30 hadi 60 za chuma: mama akivimeza kwa chai, kama ambavyo mtu humeza kidonge chochote kwa kinywaji kilicho karibu, amepoteza sehemu ya dozi. Maji, au tunda lenye vitamini C kama vile pera au limau, hufanya kazi kinyume cha chai.

Tahadhari moja ni ya lazima. Upungufu wa damu hauletwi na chai peke yake, wala hata kwa kiasi kikubwa. Malaria, minyoo ya safura na selimundu zina sehemu yake, na zahanati itakayowalaumu wanywaji wa chai huku wagonjwa wa malaria wakikosa dawa itakuwa imekimbilia lililo jepesi.

Joto la kikombe

Malawi ina viwango vya saratani ya umio vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani, katika ukanda unaopita Kenya na Tanzania. Katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, ugonjwa huu ni wa kawaida, na wengi hufika wakiwa hawawezi tena kumeza ugali. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Izingatiwe kwamba kinachoshukiwa ni joto. Majani ya chai hayamo katika hukumu hiyo.

Mkoani Kilimanjaro watafiti walipima chai wakati wa funda la kwanza wakakuta wastani wa karibu nyuzi 71. Walikuta pia kwamba chai ya maziwa hunywewa ikiwa moto zaidi kuliko ya rangi, kwa kuwa hupoa polepole. Tafiti za kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa zilizofanywa Kenya, Tanzania na Malawi zimeuhusisha ulaji na unywaji wa vitu vya moto sana na ugonjwa huu, ingawa si kisababishi pekee. Utafiti wa Lilongwe uliipa tumbaku nafasi ya mbele. Katika nchi iliyojengwa juu ya zao la tumbaku, yafaa tusiitwishe chai mzigo usio wake.

Yanayowahusu washauri wa sera

Baadhi ya maelezo ya kitaalamu yanayowafikia wakazi wa Dzaleka huandikwa kwa Kiingereza au Kichewa. Ujumbe kuhusu saa moja baada ya kula, kidonge kwa maji, na kikombe kilichoachwa kipoe unaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika nusu ukurasa, ukabandikwa kwenye kituo cha afya cha kambi na mahali pa ugawaji wa mgawo, na ukasomwa katika redio ya jamii ya Yetu iliyomo kambini. Mtoa huduma anayepima wekundu wa damu ya mjamzito aongeze swali moja katika daftari lake: chai hunywewa saa ngapi, kabla ya chakula, pamoja nacho, au baada yake? Swali hilo halihitaji kifaa. Kipimajoto cha jikoni kikitumiwa kwa wiki moja katika mikahawa ya sokoni, Dzaleka na Lilongwe zitapata takwimu za joto la chai ambazo Kilimanjaro tayari inazo, na Mimosa, yenye maabara ya kupima polifenoli, inaweza kuombwa kupima chai hiyo hiyo kama inavyochemshwa na mama ntilie, badala ya kama inavyoonjwa mnadani.