Kitanda cha turubai: wafugaji wa Australia wanavyolala nje, na namna ya kutambua turubai linalodumu

Anayechunga mbali na nyumbani anajua usiku ukimkuta nje unavyokuwa. Huku kwetu kuna shuka, kuna ngozi, kuna moto. Katika nyika ya ndani ya Australia, mchunga ng'ombe hushusha kutoka kwenye pikapu mzigo mmoja mnene uliofungwa kwa mikanda, akauviringua chini, akavua viatu na kuingia ndani. Mzigo huo unaitwa swagi. Ni godoro jembamba la sponji na blanketi, vyote vikiwa ndani ya mfuko wa turubai zito la kitambaa. Huhitaji kusimamisha hema wala kutafuta kitanda.

Swagi si jambo jipya. Katika karne ya 19 vibarua wa huko walitembea kwa miguu shamba hadi shamba wakitafuta kazi ya kukata manyoya ya kondoo, na kila kitu walichokuwa nacho kilikuwa kimeviringishwa mgongoni. Nyakati za uchumi mbaya, miaka ya 1890 na tena miaka ya 1930, barabara zilijaa watu wa namna hiyo. Wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za Australia, Waltzing Matilda, ambao maneno yake yaliandikwa na Banjo Paterson mwaka 1895, unamhusu mmoja wao. Huyo Matilda si mwanamke, ni jina la utani la swagi yenyewe.

Leo swagi haibebwi mgongoni tena, inasafiri kwenye gari. Kwa hiyo uzito wake si tatizo, na swagi ya mtu mmoja inaweza kupita kilo 10. Tatizo ni umbali. Shamba la ng'ombe la Anna Creek, Australia Kusini, lina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yaani ni kubwa kuliko Mkoa mzima wa Kilimanjaro. Na wengi hudhani jangwa ni joto tu. Mjini Alice Springs, katikati ya nchi, mwezi Julai mchana ni nyuzi joto 20 hivi, lakini usiku wastani hushuka hadi nyuzi 4, na baadhi ya siku maji yaliyoachwa nje huamka yameganda. Turubai likipasuka au zipu ikikwama huko, duka haliko karibu. Ukilowa usiku wa namna hiyo unaweza kupata ugonjwa wa baridi kali ya mwili, na mtu hufa kwa huo.

Maji yanayotoka ndani

Ukimuuliza mtu turubai zuri ni lipi, atakwambia ni lile lisilopitisha maji. Hajakosea, lakini amesema nusu tu. Mtu aliyelala hutoa maji usiku kucha kwa pumzi na ngozi yake, karibu kikombe kizima hadi asubuhi. Ukijifunika turubai la plastiki, lile la bluu au la chungwa tunaloanikia mahindi, mvuke huo hauna pa kutokea. Unagonga plastiki yenye baridi, unageuka matone, unakurudia. Unaamka umelowa na hata mvua haikunyesha.

Turubai la pamba hufanya kazi kwa namna nyingine. Likiwa kavu, hewa na mvuke hupita kati ya nyuzi. Mvua ikianza, nyuzi za pamba hunywa maji kidogo na kuvimba, nafasi zikazibika. Ndiyo maana swagi za kazi hutengenezwa kwa pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta. Pamba inaleta huko kuvimba, poliesta inaongeza nguvu na kupunguza kuoza. Tena cheche ya moto ikiangukia pamba huacha kitundu kidogo, wakati nailoni huyeyuka papo hapo.

Cha kutazama dukani

Kwanza uzito wa kitambaa. Wauzaji wa huko huutaja kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na swagi nyingi nzuri ziko kati ya 300 na 400 na kitu. Kama hujui kuhisi hesabu hiyo kwa vidole, shika suruali nzito ya jinzi, ni karibu na hapo. Ila namba peke yake inadanganya, kwa sababu dawa ya kuzuia maji nayo ina uzito. Inua turubai dhidi ya jua. Ukiona vitundu vya mwanga kila mahali, nyuzi zimesukwa kwa ulegevu, hata kama kitambaa kinaonekana kinene mkononi. Baadhi yake yana mistari midogo ya nyuzi nene inayokatana kama karatasi ya hesabu. Hiyo si urembo. Mpasuko ukianza, unafika kwenye mstari huo na kusimama.

Baada ya hapo geuza upande wa chini, na hapa usiwe na haraka. Mawe, miiba na maji yanayotiririka ardhini humaliza swagi kutoka chini kabla ya mvua kuimaliza kutoka juu. Sakafu nzuri ni ya turubai la plastiki nene, lile la kufunikia malori, na kingo zake hupanda juu pande zote kama karai. Mshono unaounganisha sakafu na kitambaa uwe juu, ubavuni. Ukiukuta pembeni chini kabisa, unapogusa udongo, rudisha swagi hiyo mahali ulipoitoa.

Mishono iwe ya mistari miwili, na uzi uwe na poliesta ndani na pamba nje, maana pamba huvimba na kuziba tundu la sindano. Zipu iwe ya meno makubwa, iliyofunikwa na ulimi wa kitambaa. Vumbi jekundu la huko huzikwamisha zile ndogo kwa siku chache tu. Kipande cha mshumaa kikipitishwa kwenye meno husaidia. Swagi za kizamani hazina zipu wala vyuma, ni mikunjo na mikanda tu, nami naona aliyezibuni alijua alichokuwa akifanya: kisichokuwepo hakivunjiki. Lakini kwenye mbu chagua yenye chandarua.

Godoro likandamize kwa goti. Goti likigusa sakafu, nyonga yako itagusa pia.

Kuliandaa na kulikausha

Turubai jipya la pamba linaweza kuvuja kwenye mishono hata kama ni la gharama. Wenye uzoefu huwa hawasafiri nalo kabla ya kulilowesha kwanza nyumbani: wanalitandaza, wanalimwagia maji hadi liloe kabisa, wanaliacha likauke lote, kisha wanarudia mara mbili au tatu. Nyuzi zinavimba na kukaa sawa, matundu ya sindano yanajifunga. Usitumie sabuni kulisafisha, kwa sababu inaondoa ile dawa ya kuzuia maji. Piga brashi kavu, kisha maji matupu.

Kama huku kwetu unataka kitu cha aina hii, kwa kulinda shamba usiku au kufuata mifugo malishoni, fundi anayeshona maturubai ya malori na viti vya magari anaweza kukushonea. Mpelekee godoro lako alipime. Mwambie sakafu iwe ya plastiki nene ya lori, hata iliyotumika mradi haina matundu, na juu iwe turubai la pamba, lile kama la mahema ya zamani ya jeshi. Akikushauri juu nako pawe plastiki kwa sababu ni rahisi, kataa. Mtu akijifungia kabisa ndani ya plastiki anaweza kukosa hewa. Na iwe plastiki au pamba, usiingize jiko la mkaa ndani hata kwa dakika chache za kuota moto. Moshi wa mkaa usioonekana huua mtu akiwa usingizini.

Kitu kinachoharibu turubai la pamba kuliko mvua na jua ni kulifunga likiwa bichi. Umande wa usiku mmoja unatosha. Ukiliviringisha na umande huo ukaliweka stoo, baada ya siku chache tu linaweza kuota madoa meusi ya ukungu, na kitambaa kinaanza kuoza mahali hapo. Ikikulazimu kuondoka alfajiri kabla halijakauka, lifunge hivyo hivyo, lakini ukifika lifungue siku hiyo hiyo na ulianike juu ya uzio, sakafu ikitazama jua kwanza, kwa sababu ndiyo inayochelewa kukauka.