Simu ya Setilaiti Bila Doki ni Mzigo Tu Chomboni



Kila msimu wa kusafirisha ukikaribia naulizwa swali moja: "Bwana shamba, tununue simu ya setilaiti?" Wanaouliza si wa kulima bustani nyuma ya nyumba. Ni vikundi vyenye chombo chao au vinavyokodi: wenye mwani mkavu wa Kisiwa Panza na Makoongwe, wenye dagaa, wenye ndizi na machungwa ya kupeleka Unguja, na wale wanaovuka kutoka Wete kwenda Tanga. Na mimi huwajibu kwa swali: hiyo simu itakaa wapi? Wengi hushangaa. Si mfukoni kwa nahodha? Basi hapo ndipo pesa za kikundi zinapozama kabla ya chombo.

Simu hizi zina kikalio chake. Wenye kuuza wanakiita doki, na ndilo jina nitakalotumia, ila msiichanganye na doki ya kutengenezea meli. Doki ni kifaa kinachofungwa kwa skrubu ukutani au karibu na usukani, simu inapachikwa humo na kubana. Ikishakaa inapata chaji muda wote, inaunganishwa na antena iliyo nje, na ikipigiwa inalia kwa sauti ya kusikika hata mashine ikinguruma. Nyingi zina kipaza sauti au mkono wa simu wa pembeni, kwa hiyo nahodha anazungumza akiwa ndani, mkono mmoja kwenye usukani.

Bila doki mambo ni mengine. Simu ya setilaiti haisaki mnara, inasaka mbingu. Ukiwa nayo mkononi lazima utoke nje, uvute antena yake juu, usimame pasipo na kitu kinachokuziba, usubiri ikamate. Sasa fikiria usiku, mvua ya masika, chombo kinapanda na kushuka, na wewe umeshika simu ya bei ya ng'ombe kwa mkono uliolowa. Hapo bado hatujauliza kama ina chaji. Nimeziona simu za vikundi zimefungwa nailoni tatu, zikatiwa kwenye sanduku la barafu lisilotumika ili "zisiharibike". Zimetunzwa vizuri kabisa, na betri imekufa tangu mwezi uliopita.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu ya mkondo wetu. Bahari kati ya Pemba na Tanga ina kina cha mamia ya mita. Mashine ikizima katikati, nanga haigusi chini, utakwenda na maji tu. Na maji ya pwani hii yanakwenda kaskazini, hasa wakati wa kusi. Chukua mkondo wa kilomita 4 tu kwa saa: baada ya saa kumi uko kilomita 40 kutoka pale ulipozimikiwa, unaielekea Kenya, na wanaokutafuta wanatafuta mahali ambapo hupo. Simu ya kawaida huko katikati inakamata na kuachia, na kwenye chombo kifupi mawimbi ya mnara yanapotea mapema kwa sababu ya mviringo wa dunia. Ukiweza kupiga ndani ya nusu saa ya kwanza na kusoma namba za GPS, utafutaji unakuwa wa eneo dogo. Ukipiga baada ya saa sita, au usipige kabisa, ni hadithi nyengine.

Niseme wazi pia kisichosaidiwa na simu. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, na watu zaidi ya 200 walithibitishwa kufa. Meli ile ilizidishwa mzigo na abiria. Hakuna antena inayotibu hilo. Kwa hiyo kama kikundi hakina maboya ya kuvaa kwa kila aliyemo, msinunue simu, nunueni maboya. Baada ya maboya nunueni redio ya VHF ya kufunga chomboni, ya wati 25, inayosikiliza chaneli 16, maana hiyo inasikiwa na kila chombo kilicho karibu na haidai vocha. Simu ya setilaiti ni ya tatu kwenye foleni. Anayevuka mara moja kwa mwaka anaweza kutosheka na kile kitoa ishara kidogo cha 406 MHz, ambacho hakina malipo ya kila mwezi. Anayevuka kila wiki, na anataka pia kumjua mnunuzi wa Tanga kama bado anangoja, huyo ndiye wa doki.

Kufunga chomboni

Kabla ya kutoboa popote, jueni simu yenu inatumia setilaiti gani, kwa sababu pahala pa antena panategemea hilo. Iridium ina setilaiti 66 zinazozunguka dunia kwa urefu wa kama kilomita 780. Kila moja inakupita kwa dakika chache kisha inakukabidhi kwa inayofuata, kutoka upande wowote wa mbingu. Kwa hiyo antena yake inataka kuona pande zote mpaka karibu na upeo wa bahari. Thuraya ni kinyume chake: setilaiti yake imesimama pahala pamoja, juu ya ikweta kwenye longitudo 44 mashariki, kilomita kama 36,000 kutoka hapa. Pemba tupo nyuzi 5 kusini na karibu longitudo 40, kwa hiyo setilaiti hiyo kwetu iko karibu utosini. Ukiwa na Thuraya hangaikia kilicho juu ya antena. Ukiwa na Iridium hangaikia kilicho ubavuni pia. Mtu anakwambia simu inakatika kila baada ya dakika tano, mbovu. Si mbovu, mlingoti umeziba.

Kwenye boti ya faiba mimi hupendekeza antena ikae juu ya paa la kibanda cha nahodha, au kwenye fimbo fupi ya chuma kisichoshika kutu upande wa shetri, mbali na bomba la moshi, na angalau mita moja kutoka antena ya VHF. Kwenye jahazi au mashua ya tanga usiifunge pale foromali inapopita wakati wa kugeuza tanga. Itang'olewa safari ya kwanza.

Kisha waya. Hapa ndipo mafundi wetu wanapoharibu, kwa kuwa wamezoea redio na televisheni. Simu hizi zinafanya kazi kwenye masafa ya karibu megahezi 1,600, na masafa hayo yanakufa haraka ndani ya waya mwembamba. Mita kumi za ule waya mwembamba wa RG58 zinakula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Waya mnene wa LMR-400, unene wa kama kidole kidogo, kwa mita hizo hizo unakula kama theluthi. Lakini dawa nzuri kuliko zote ni kuusogeza: doki iwe karibu na antena, waya uwe mfupi. Usiukunje kona kali, na usiunge katikati kwa kusokota. Ukikatika, unanunuliwa mwengine.

Chumvi nayo haisamehi. Kila kiungo cha nje kizungushiwe tepu ya mpira ile inayogandana yenyewe, juu yake tepu nyeusi ya kawaida. Pale waya unapoingia ndani, uache ulegee kidogo ushuke chini ya tundu kisha ndio upande kuingia, ili maji yadondoke nje badala ya kuufuata waya mpaka kwenye doki. Mkiona shaba imeanza kuwa ya kijani, kiungo hicho kimeshaingia maji, kikatwe kifungwe upya.

Umeme uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri, si kwenye waya wa taa uliounganishwa na pampu ya maji na chaja za simu za mabaharia. Fyuzi ikae jirani na nguzo ya chanya ya betri, ya ukubwa ulioandikwa kwenye kijitabu cha doki. Nasema fyuzi. Kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa si fyuzi, ni kiberiti. Na betri ifungwe juu ya usawa wa maji ya ngama, maana chombo kikianza kuingiza maji ndio wakati mnaitaka simu.

Doki yenyewe ikae ndani, pahala ambapo nahodha anaifikia bila kuachia usukani na maji ya mawimbi hayamrukii. Karibu na dira ya sumaku isikae, kipaza sauti kina sumaku na kitaivuta dira.

Jambo jengine la kununua kwa macho: doki haziingiliani. Iridium 9555 na 9575 hazikalii kikalio kimoja, ingawa kampuni ni ile ile. Nendeni na simu mkononi, ipachikeni palepale dukani muone inabana, ndipo mtoe pesa.

Ghalani na ofisini

Kwenye majengo adui mkubwa ni bati. Setilaiti haipenyi bati, na ghala za karafuu na mwani nyingi ni bati juu mpaka chini. Makuti yanapitisha kidogo yakiwa makavu, yakilowa usiyategemee. Kwa hiyo antena itoke juu ya paa, juu ya kipaji cha bati, na isiwe chini ya mnazi au muembe. Nyumba za mashamba ya karafuu zina miti mirefu kila upande, kwa Iridium hilo ni tatizo, na huenda ikabidi nguzo ipande juu kidogo.

Nguzo ikipanda, radi inapata pa kushukia. Wekeni kizuia radi kwenye waya kabla haujaingia ndani, na kutoka hapo waya mnene wa ardhi mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini. Msiruke hatua hii kwa kubana matumizi.

Faida ya doki ya jengo ni kwamba baadhi zina tundu la simu ya mezani ya kawaida. Doki inakaa karibu na paa kwenye waya mfupi wa antena, na simu ya mezani inavutwa kwa waya wa kawaida mpaka kwa karani. Karani hahitaji mafunzo yoyote, anainua anapiga. Umeme wake uwe wa sola na betri yake. Umeme wetu Pemba tangu 2010 unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, na wenzetu wa Unguja wanaijua kebo ikiharibika: walikaa gizani kama miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Na tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini zilipokatika, Tanzania nzima ilihangaika. Siku kama hizo simu inayotegemea kebo ile ile haina maana.

Kwenye gari nitasema machache, kwa sababu ndani ya Pemba wengi hamuihitaji, mtandao wa kawaida unatosha barabara kubwa zote. Anayepeleka mzigo bara na kupita mapori anaweza kuifunga. Antena ya sumaku juu ya paa la chuma inatosha, katikati ya paa, si nyuma ya tenga za ndizi. Angalieni volti: Kenta nyingi ni 24, gari ndogo ni 12. Doki nyingi zinapokea zote mbili lakini si zote.

Ikishafungwa, wekeni namba kwa mtindo wa kimataifa. Simu hii si ya Tanzania hata ikiwa Wete, kwa hiyo 0777 yako ipigwe +255 777. Namba za kikosi cha KMKM, za mtu wa bandarini na za mnunuzi ziandikwe kwenye kipande cha mbao kando ya doki kwa rangi ya mafuta. Kitufe cha hatari cha 9575 kinapeleka mwito kwa watu walioko Marekani, ambao hawajui Kojani iko wapi, kwa hiyo msikitegemee peke yake. Na kila Ijumaa kabla ya sala mtu mmoja apige simu moja ya dakika moja, chombo kikiwa kimefungwa bandarini. Huyo huyo aangalie salio, maana vocha hizi zina mwisho wake na laini ikifa haifufuki kirahisi.

Karatasi sasa. Kabla ya kuagiza chochote, ulizeni ofisi ya TCRA Zanzibar kuhusu kibali cha kifaa na matumizi yake. KMKM kazi yao ni kuzuia magendo, na boti yenye karafuu au isiyo na karafuu, ikiwa na simu ya setilaiti isiyo na karatasi, itawekwa bandarini mpaka mambo yaeleweke, na dagaa hawasubiri. Anayesafiri kwenda India kwa matibabu aiache nyumbani kabisa, kule kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Nakala ya kibali na risiti ya kununulia zikae chomboni, kwenye nailoni ile mliyokuwa mkiifungia simu, pamoja na leseni ya chombo.