Paja la Mtoto Likivimba Baada ya Chanjo, Usilikande

Leo tujibu swali tunaloulizwa sana kliniki: "Sista, mtoto alidungwa jana na paja limevimba. Nilikande na maji moto?"

Jibu ni hapana. Sikiliza sababu.

Ndani ya damu kuna chembe nyeupe, askari wa mwili. Askari hawa hawana macho. Wanafanya kazi kwa kugusa. Chembe nyeupe husukumwa na damu kama mtu aliyebebwa na mto Tiva wakati wa mvua. Ikifika karibu na jeraha, hukuta ukuta wa mshipa umetoa vishikio. Hubingirika, hushika, kisha hujipenyeza nje kwenda kazini.

Wengine wakikutana na kipande cha kijidudu, hukishika na kukivuta. Mama, unajua unavyovuta fundo la kamba kabla ya kumpakia punda mitungi. Fundo zuri hukaza likivutwa, bovu hufunguka. Vivyo hivyo, mshiko ukikaza, askari anajua huyu ni adui, anaamka na kuwaita wenzake.

Mwaka 2010 watafiti wa Ardem Patapoutian huko Marekani walitangaza kuwa wamepata vilango vya chembe, viitwavyo Piezo, vinavyofunguka vikisukumwa. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius. Vilango hivyo vimepatikana hata katika chembe nyeupe. Kwa hiyo askari wetu huhisi msukumo na mvuto.

Basi uvimbe mdogo baada ya sindano ni dalili kwamba kazi imeanza. Maji yaliyotoka mishipani hubeba habari hadi tezi za kwapani na kinenani. Mtoto akirusha miguu, misuli husaidia kuyasogeza.

Ukikanda kwa nguvu, unaumiza nyama laini na uvimbe huzidi. Maji moto yanaweza kumuunguza. Ukikamua au kuchanja kwa wembe, unawafungulia vijidudu mlango.

Chanjo ya kifua kikuu ya mkono wa kushoto pia huleta kipele, baada ya majuma kadhaa. Kinaweza kuwa kidonda kidogo, kisha kikauke na kuacha kovu. Usipake majani, dawa wala plasta. Kiweke kikiwa safi tu.

Fanya hivi:
- Nawa mikono, kisha weka juu ya uvimbe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi.
- Mnyonyeshe mara kwa mara.
- Mwache acheze. Usimfunge kitambaa cha kubana pajani.

Mkimbize kituo cha afya akiwa na homa kali, degedege, akikataa kunyonya, uvimbe ukizidi kukua au kutoa usaha, au akiota uvimbe kwapani. Beba kijitabu chake cha kliniki.

Na mama, uvimbe wa sindano ya wiki ya 6 usikufanye ukose ya wiki ya 10 na ya 14. Kifaduro na pepopunda havingoji. Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako.