KIOO CHA KOMPYUTA KINAJUAJE KIASI CHA MAJI?

Ndugu wakimbizi wenzangu,

Wengi mmeuliza swali hili. Programu ya Grafana haipimi maji. Huuliza mahali vipimo vinapotunzwa, yaani chanzo cha takwimu. Chanzo hicho tunakitaja katika faili dogo la maandishi, hivi:

1. Faili liishie na .yaml, liwekwe katika folda /etc/grafana/provisioning/datasources.
2. Juu kabisa andika apiVersion: 1.
3. Chini ya neno datasources: andika name, yaani jina, type, yaani aina, na url, yaani anwani.
4. Sogeza mistari kwa kitufe cha nafasi. Usitumie Tab.
5. Zima programu, uiwashe tena, kwani faili husomwa inapowaka.

Weka nakala. Kompyuta ikiharibika, nyingine itaunganishwa upesi.

Lakini tuangalie! Ikiandikwa kwa makosa anwani ya vipimo vya mtaa mwingine, kioo kitaonyesha maji tele, huku mama zetu wamepanga ndoo penye bomba kavu. Kwa hiyo kila faili likibadilishwa, mtu apande tangini, apime kwa kijiti, kisha alinganishe.