Ng'ambo Si Nauli Peke Yake

Hapa Voi, kijana akipata barua ya chuo cha ng'ambo, shangwe hutangulia hesabu. Harambee huitishwa: jamaa wa Wundanyi huleta chao, waumini wa msikitini chao, na mama muuza ndizi wa Taveta chake. Desturi hii njema ina asili. Mwaka 1959, Tom Mboya alipopeleka vijana 81 Marekani, wazee wengi vijijini walichanga ili watoto wapate cha kuanzia.

Lakini mimi niliyekaa katika harambee nyingi huuliza: ada ya mwaka wa pili italipwa na nani? Ndege ikishapaa, mifuko ya watu nayo hufungwa.

Tena balozi zina masharti. Uingereza hutaka fedha za ada na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza. Basi mchango wa Jumamosi hauleti viza Jumatatu.

Wengine hukimbilia mkopo wa benki, na hapo sisi Waislamu twaijua riba. Heri kutafuta mapema ufadhili kamili, kama ule wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961. Au mtoto asome shahada ya kwanza papa hapa, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016, kisha aende ng'ambo kwa ya pili.

Ndugu zangu, tuchange, ila tuchangie safari nzima, na kurudi kwake.