Je, Wajua? Mlango Ulioshuka Huponea kwenye Bawaba

Mlango wa Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ukikataa kufunga mpaka uubamize, usikimbilie kugonga kitasa. Fundi mzuri wa bodi pale Kariobangi Light Industries, Nairobi, huufungua kidogo, akaushika upande wa kitasa na kuuinua. Mlango ukicheza, nawe ukasikia “tok”, pini na bushi za bawaba zimelika na mlango umeshuka. Mlango wa dereva ndio hutangulia kushuka: hufunguliwa kila safari, na wengi wetu huuegemea tukishuka.

Kuna wanaosogeza tu kile chuma cha kwenye nguzo kinachopokea kitasa. Mlango utafunga, lakini ufa wa juu nyuma utabaki umeachama, na mvua ya Aprili itaingia hapo hapo.

Badilisha pini kwanza. Kisha weka jeki chini ya mlango, katikati ubao na kitambaa rangi isichunike, legeza boliti za bawaba, inua kidogo kidogo. Kwenye gari la milango minne, kulinganisha huanza na mlango wa nyuma, kwa sababu bodi inayoufuata imechomelewa, haisogei. Wa mbele hufuata, madigadi ya mbele mwisho.